Gitaa la Nkambo

Mwaka jana, wakati wa likizo ya kiangazi, nilipanda basi kutoka Likasi kwenda Lubumbashi nikiwa nimepakata gitaa lililofungwa kwa kitenge. Ni safari ya kilomita 120 hivi. Mama mmoja aliyeketi karibu nami aliuliza kama nimebeba mtoto mgonjwa. Nilimwambia ni mgonjwa kweli, ila si mtoto.

Gitaa hilo lilikuwa la nkambo wangu. Katika Kiswahili cha Katanga, nkambo ni babu na ni bibi pia, nasi tukisema "bibi" tuna maana ya mke wa mtu. Ili nisiwachanganye wasomaji wa nchi nyingine, hapa babu nitamwita Nkambo, na mkewe nitamwita bibi kama wanavyosema Tanzania. Nkambo alifariki nikiwa na miaka saba. Tangu siku hiyo gitaa lilikaa juu ya kabati la bibi, na hakuna aliyeligusa ila vumbi na mende. Nilipolishusha, nyuzi zilikuwa juu mno ya shingo, ukipitisha kalamu ya risasi chini yake inapita bila kugusa. Uso wake ulikuwa umefura nyuma ya kile kibao kinachoshikilia nyuzi, na kibao chenyewe kilikuwa kimefungwa kwa bolti moja ya chuma, kubwa, ya aina inayofungwa kwenye mashine na si kwenye ala ya muziki.

Nia yangu ilikuwa mbili. Nilitaka lilie tena bibi akiwa bado hai kulisikia. Na nilitaka kuandika insha ya historia juu ya wanamuziki wa miji ya migodi, nikiwa na kitu cha nyumbani mkononi badala ya vitabu peke yake. Insha hiyo nilikwisha kuipanga kichwani kabla ya kufika kwa fundi, na sehemu yake ya kwanza naona bado ni ya kweli, kwa hiyo naiweka hapa.

Ndani ya tundu la sauti kulikuwa na karatasi iliyogandishwa mbaoni, imeliwa nusu nzima. Herufi zilizosalia zilikuwa GALLO. Hilo ni jina la Eric Gallo, mfanyabiashara aliyefungua duka la santuri Johannesburg mwaka 1926. Kampuni yake ilikua ikawa kubwa katika kurekodi muziki kusini mwa Afrika, na upande mwingine ikauza magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Durban, yakiitwa Gallotone. Yalikuwa ya mbao za tabaka, yaani plaiwudi, na si ya mbao moja nzima kama magitaa ya bei kubwa. Gallotone mojawapo lilifika Uingereza likawa gitaa la kwanza la John Lennon. Alikuwa nalo Julai 1957, siku ile alipokutana na Paul McCartney katika sherehe ya kanisa mjini Liverpool. Ndani ya gitaa lile kuna maandishi ya kiwanda yanayomhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka.

Kwetu Katanga njia ya bidhaa za kusini ilikuwa reli. Reli kutoka Rasi, kupitia Rhodesia, ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji watu wa kuchimba shaba na kuiyeyusha, na watu hao walitoka mbali: Rhodesia, Ruanda-Urundi, na hasa Kasai, ambako reli nyingine kutoka Katanga ilikamilika mwaka 1928 hadi Port-Francqui, sasa Ilebo. Mtu wa mshahara anaweza kununua baiskeli, cherehani, gramafoni. Anaweza pia kununua gitaa, na akimaliza zamu yake akakaa mbele ya nyumba ya kambi akapiga peke yake, bila bendi wala umeme.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nchi nyingi za Afrika na vyombo vya kurekodi, alifika Jadotville, ndiyo Likasi yetu, akamrekodi kijana anayeitwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na mtu asiyemwona angeapa kuwa wapigaji ni wawili. Wimbo wake "Masanga" ulitolewa kwenye santuri ya Gallotone. Hapa ndipo nilipofurahi sana nilipokuwa napanga insha. Kampuni ileile iliyomuuzia mfanyakazi gitaa ndiyo iliyomuuzia na santuri ya gitaa. Miaka michache baadaye Mwenda na ndugu yake Edouard Masengo walipiga Nairobi, wakatangaza redioni biashara za watu, na vijana wa Kenya wakajifunza kutoka kwao upigaji wa Katanga. Nilikuwa nimeandaa hata sentensi ya mwisho, kwamba Nkambo wangu alikuwa mmoja katika mto huo mkubwa.

Hadithi ya nyumbani ilinisaidia. Nkambo alitoka Mitwaba akafika Jadotville mwaka 1964, akapata kazi katika kiwanda cha Shituru, na kwa mshahara wake wa kwanza akanunua gitaa dukani kwa Mgiriki mmoja. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa sote, watoto na wajukuu. Sijui ni nani aliyeanza kusimulia hivyo. Sikumbuki kumsikia Nkambo mwenyewe akisema.

Fundi niliyeelekezwa kwake anafanya kazi Kenya. Simaanishi nchi, ni jina la wilaya moja ya mji wa Lubumbashi. Kazi yake ya kila siku ni vitanda na milango, lakini kwaya nyingi za mjini humpelekea magitaa, na ukutani mwake yananing'inia kumi na zaidi, mengine hayana shingo. Alilipokea langu, akaliweka jichoni kama mtu anayelenga bunduki, akatazama kutoka kichwani hadi tumboni. Kisha akaligonga uso kwa kifundo cha kidole, taratibu, akisogea kidogo kidogo. Mahali pengine palilia *ko*, mahali pengine palilia kama boksi la karatasi.

"Mutoto," aliniambia, "hii haikupasuka. Iliachana."

Alinieleza. Plaiwudi ni tabaka tatu zilizogandishwa pamoja. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, mchana na usiku, miaka na miaka. Kiangazi chetu kinakausha kila kitu kuanzia mwezi wa tano, masika inalowesha tena, na gundi ya zamani inachoka. Mbao zenyewe hubaki nzima, ila tabaka zinaachiana, na uso unafura. Kwa hiyo ahadi ya kiwanda, kama gitaa letu nalo liliahidiwa hivyo, ilitimia.

Halafu alinionyesha vitu ambavyo mimi, mwanafunzi wa historia wa mwaka wa tatu, nilivitazama wiki nzima bila kuviona. Vyuma vidogo vinavyokata shingo vilikuwa na michubuko ya aina mbili. Kulikuwa na mifereji myembamba iliyochimbwa na nyuzi za dukani, na juu yake mifereji mipana, mikwaruzo kama ya msumeno. Hiyo mipana, alisema, ni ya waya wa breki ya baiskeli. Waya huo hufumuliwa, nyuzinyuzi zake zikawa nyuzi za gitaa, na Kongo nzima imepiga muziki hivyo wakati nyuzi za dukani hazipatikani au hazinunuliki. Kwa hiyo gitaa lilipigwa sana wakati wa neema, likapigwa sana tena wakati wa shida. Ile bolti alicheka alipoiona. "Hii ni ya fabriki," alisema, na baadaye bibi alithibitisha: Nkambo aliileta kutoka karakana ya Shituru, akaitoboa mwenyewe.

Ili aone ndani aliingiza taa ndogo na kioo cha kunyolea kupitia tundu la sauti. Alikaa kimya kidogo, akanipa kioo. Chini ya uso, mahali pasipoonekana kwa jicho, mbavu mbili zilikuwa za kiwandani, nyepesi na nyeupe. Ya tatu ilikuwa nzito, nyekundu, imerandwa kwa mkono. Mulombwa, alisema, ni mti ambao Watanzania wanauita mninga. Maana yake gitaa hili lilikwisha kufunguliwa mgongo zamani, likatengenezwa na mtu wa hukuhuku, likafungwa tena. Na kando ya ubavu ule mwekundu palikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi. Kwenye kioo yalisomeka kinyume. Nilinakili nilichokiona kwenye daftari, nikageuza karatasi na kuishika kuelekea mwanga wa mlango:

K. M. – Jadotville – 9/57

Herufi za jina la Nkambo si hizo. Na mwaka 1957 Nkambo alikuwa Mitwaba, hajaona Jadotville wala mshahara.

Fundi hakushangaa, kwa sababu magitaa hubadilisha mikono kama baiskeli. Lakini alinipa uchaguzi. Njia nzuri, kwake yeye, ilikuwa kuondoa uso wote wa zamani na kuweka mbao mpya. Ni siku tatu, dola 25, na sauti itakuwa kubwa kuliko ya zamani. Njia ya pili ilikuwa kufungua mgongo, kupenyeza gundi kati ya tabaka kwa bomba la sindano, kubana kwa vibao na vishikizo, kusubiri, kurudia palipokataa. Ni wiki mbili, dola 40, na uvimbe hautaisha kabisa. Katika njia ya kwanza maandishi yangekwenda na uso wa zamani kwenye moto wa chai yake. Nilimwomba asiguse kitu mpaka nirudi.

Nilirudi Likasi nikamwuliza bibi K. M. ni nani.

Hakujibu siku ile. Siku ya pili asubuhi, tukichambua maharage, alianza bila kuulizwa. Walikuwa majirani kambini, nyumba ya tatu upande wa mto. Baba alizaliwa Jadotville, na baba yake alizaliwa Kasai. Alikuwa fundi wa umeme Shituru, na jioni alipiga gitaa; Nkambo alijifunza kwake. Bibi alitaja majina yao yote, mpaka la mtoto wa mwisho.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu watu hulisema kwa sauti ya chini. Mwaka 1992, nchi ilipokuwa ikivutana juu ya nani ataongoza Zaire baada ya chama kimoja, wanasiasa wa mkoa walisimama mbele ya watu wakasema kwamba watu wa Kasai wamechukua kazi za wenyeji na lazima warudi kwao. Mwezi wa nane Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, na katika Likasi nyumba zikaanza kuchomwa. Maelfu ya watu walikimbilia kituo cha reli wakalala pale, nje, wiki na miezi, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi. Wengi wao, kama jirani yetu, hawakuwahi kuishi huko "kwao" walikopelekwa. Wengi walifia kituoni na njiani. Reli ileile iliyowaleta baba zao kufanya kazi ndiyo iliyowarudisha. Niliyasoma haya katika kozi, kwa tarehe, nikapata alama nzuri. Sikujua kwamba yalikuwa juu ya kabati letu.

Kwa maneno ya bibi, jirani alikuja usiku mmoja kutoka kituoni, kwa njia ya nyuma, na gitaa mgongoni. Alihitaji chakula cha safari. Bibi alipima unga wa mahindi, nusu gunia. "Niliupima mwenyewe," alisema, na akaonyesha kwa mikono ukubwa wa kopo. Jirani akaacha gitaa, akabeba unga. Kwa bibi ni biashara iliyokwisha. Gitaa lilinunuliwa, ingawa si dukani kwa Mgiriki.

Shangazi yangu, aliyekuwa na miaka 14 wakati ule, anasema sivyo. Yeye alikuwa mlangoni. Anasema jirani alimwambia Nkambo amtunzie gitaa mpaka mambo yatulie, na unga alipewa kama mtu anavyompa ndugu chakula cha njiani, bila kupima chochote badala ya chochote. Nilipomweleza kuhusu kopo la bibi alijibu kwamba katika miezi ile bibi alipima unga hata wa watoto wake mwenyewe.

Mwalimu wetu mmoja hutuambia kwamba mashahidi wawili wakipingana tutafute cha tatu. Cha tatu nilichokuwa nacho kilikuwa gitaa, nikaenda kukiuliza. Baada ya 1992 hali ya Likasi ilikuwa mbaya. Gécamines, ambayo ilirithi migodi ya Union Minière na katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, mwaka 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ilikaa miezi bila kulipwa. Wazee wa kambi waliuza vitanda na mabati. Shangazi anakumbuka kwamba kwaya moja ilitaka kulinunua gitaa, na Nkambo akakataa, na siku hiyo nyumbani walikula majani ya mihogo bila kitu kingine. Lakini bolti ya Shituru na waya za breki vinaonyesha kwamba hakuliweka tu kama amana kwenye kitambaa. Alilitumia, alilitoboa, alilitengeneza alivyoweza.

Nilivyoona kwanza, mtu anayekataa kuuza kitu katika njaa ni mtu anayejua si chake. Nilimwambia bibi hivyo. Alinitazama kwa huruma kidogo, akasema labda alilipenda tu. Sina jibu. Kukataa kuuza kunaweza kutoka kwa mwenye mali na kwa mtunzaji wa mali vilevile, na mfereji wa waya kwenye chuma hausemi nia ya mkono uliopita juu yake. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kwamba hadithi ya Mgiriki ilitungwa baadaye, na ilitungwa ili nyumba ya tatu isitajwe.

Nilimpigia fundi simu nikamwambia afuate njia ya pili. "Unalipa juu ya kalamu, haina juu ya gitare," alisema. Nilikubali. Zile dola 15 za ziada nilizitoa katika fedha za nauli ya mwezi mzima, na nilitembea kwa miguu.

Niliruhusiwa kukaa karibu alipokuwa akifanya kazi. Alipasha moto kisu chembamba, akakipitisha kando ya mgongo inchi kwa inchi mpaka ukaachia. Alipenyeza gundi kwenye tabaka, akabana, akangoja siku mbili, akagonga kwa kifundo, akaongeza. Kwa shingo alitumia mvuke: birika lililofungwa mdomo, mpira mwembamba, na kitundu alichotoboa chini ya chuma cha shingoni mahali shingo inapoungana na tumbo. Ilipoachia aliipunguza kisigino kwa patasi, unyoya baada ya unyoya, akijaribu pembe kila mara, kwa sababu huko milimita moja chini ni milimita nyingi kwenye nyuzi. Bolti aliiondoa. Tundu lake alilijaza kwa kijiti cha mulombwa, na bolti akanipa mkononi bila kusema kitu. Ubavu mwekundu wa 1957 aliuacha palepale. Aliukagua akasema aliyeuweka alijua kazi. Kabla ya kufunga mgongo aliniuliza kama nataka niandike na mimi. Nilikaa na kalamu muda mrefu kidogo. Kisha nikamwambia afunge.

Nilimletea bibi gitaa mwezi wa tisa. Uvimbe bado upo ukitazama kwa upande, na sauti ni ndogo, kavu, inazima haraka. Mimi si mpigaji. Nilipiga nyimbo mbili za kanisani kwa vidole vya mwanafunzi. Bibi alisikiliza, akasema jirani alikuwa akilikaza zaidi, lilikuwa likilia juu kuliko hivyo. Fundi alikuwa amenikataza kulikaza zaidi, nikamweleza, naye akasema basi acha.

Shangazi anataka tuwatafute. Anasema watu wengi wa Likasi walishukia Mwene-Ditu, na kuna mfanyabiashara wa mtaani kwetu anayepanda treni kwenda kule kila anapopata mzigo. Mwezi wa kumi na moja alikubali kubeba picha ya gitaa na ya yale maandishi, niliyoyapiga kwa simu wakati mgongo ulipokuwa wazi. Bibi hakukataza. Aliuliza tu, kama wakipatikana, watasema nini kuhusu unga. Majina ya familia ile ninayo yote, aliponitajia niliyaandika. Hapa nimeacha herufi mbili tu, kwa kuwa wao hawajaniambia kama nitaje zaidi.

Gitaa liko juu ya kabati palepale, nyuzi zimelegezwa kidogo kwa ajili ya masika.